Mwenye Duka Akitaka Kuwa Benki: Hotuba kwa Wafanyabiashara wa Rejareja na Mawakala wa Fedha, Kirumba, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa soko, wazee wangu, mama zangu wa dagaa, na ninyi vijana wa uwakala ambao najua mmefunga vibanda asubuhi hii na kamisheni inawapita: mwangaluka!

Mwenyekiti aliponialika alinipa swali moja, nami nalisoma kama alivyoliandika. "Maduka makubwa yanataka kutuuzia sukari, kututunzia akiba na kutukopesha, yote kwa pamoja. Sisi wadogo tufanye nini?" Nashukuru kwa swali hili. Nimekaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya benki kabla sijafungua duka la jumla, na kwa hiyo swali hili nimelitazama kutoka pande zote mbili. Leo nitasema ninavyoamini.

Tuanzie chini kabisa. Kwa nini mtu mwenye duka kubwa, anayeuza mchele, mabati na televisheni, atamani kuwa benki? Si ana biashara yake? Si inamlipa?

Jibu liko kwenye madaftari yenu. Nani hapa hana daftari la madeni? Mnaona, hakuna mkono. Wengine mna lile kubwa la jalada gumu, wengine kipande cha boksi kilichochomekwa nyuma ya mzani. Mteja anakuja, anasema "niandikie", nawe unaandika: Mama nyumba ya bluu, unga kilo 2, sabuni mche 1, mafuta nusu. Jina lake kamili hulijui. Kitambulisho hukumwomba. Lakini unajua mumewe anavua dagaa. Unajua mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavuliwi, mitumbwi inalala ufukweni, na siku hizo deni litakaa. Hushtuki, humfuati mlangoni. Giza likirudi, taa zikaanza kuonekana ziwani usiku, unajua wiki hiyo atakuja kulipa, na anakuja.

Je, benki inayajua hayo? Haiyajui. Benki imeandika rejesho tarehe 5. Tarehe 5 ikiangukia mbalamwezi, ikiangukia giza, rejesho ni lile lile. Nimeyaona haya nikiwa upande wa pili wa kaunta: mtu mwaminifu anaandikwa mkorofi kwa sababu tu kalenda ya mkopo wake ilitengenezwa na mtu asiyelijua ziwa.

Ujuzi huo mlionao, ndugu zangu, ni mali. Ndio kiini cha kazi ya kukopesha: kumjua mtu, kujua atalipa na lini. Sasa duka kubwa linao ujuzi huo kwa maelfu ya watu, maana mashine ya kulipia inaandika kila ulichonunua, saa ngapi, kwa kiasi gani, na mwezi gani ulipunguza nyama ukaongeza maharage. Ongeza na watu wanaoingia humo kila siku bila kuitwa, jambo ambalo benki hulipia matangazo kulipata. Ongeza na taslimu inayoingia kila jioni. Basi mwenye duka anajiuliza: kwa nini faida ya kukopesha iende kwa benki, ilhali mteja ni wangu na taarifa zake ninazo mimi?

Hilo ndilo linalomsukuma. Wala si jipya. Kule Marekani, Sears, iliyokuwa mfalme wa maduka, ilianzisha kampuni ya bima ya Allstate mwaka 1931, na mwaka 1985 ikaleta kadi ya mkopo ya Discover. Miaka ya 1990 ikajitenga na huduma hizo za fedha. Oktoba 2018 Sears yenyewe ikaenda mahakamani kwa kufilisika, na Allstate na Discover zilikuwa bado zinafanya kazi.

Lakini hadithi ninayotaka mwiweke akilini ni ya Walmart, kampuni nyingine ya maduka makubwa ya Marekani, kwa sababu inawahusu watu kama ninyi hasa.

Walmart ilijaribu mara kadhaa. Mwaka 1999 ilitaka kununua benki ndogo ya akiba katika jimbo la Oklahoma. Sheria mpya ya mwaka ule ule ikaufunga mlango huo. Ikajaribu njia nyingine, ikazuiwa. Mwaka 2005 ikaomba leseni ya benki ya aina maalumu katika jimbo la Utah. Ilisema haina nia ya kufungua matawi wala kukopesha watu. Inataka tu kushughulikia yenyewe malipo ya kadi yanayofanyika madukani mwake, ili isilipe mabenki mengine ada. Maneno ya kawaida kabisa. Ungedhani nani atapinga?

Walipinga wengi. Aprili 2006 shirika linalosimamia bima ya amana kule liliitisha vikao vya wazi, watu wakaja kusema. Walikuja wenye benki ndogo za mijini na vijijini, wakaja wenye maduka, wakaja watu wa vyama vya wafanyakazi. Machi 2007 Walmart ikaondoa ombi lake.

Walisema nini wale wenye maduka? Sikilizeni vizuri. Walisema: mwenye duka mdogo anapohitaji mtaji, huenda benki, na benki humwomba aonyeshe hesabu zake, mauzo yake, madeni yake, bidhaa inayotoka na isiyotoka. Benki hiyo ikiwa mali ya mshindani wake, je, hesabu hizo atampelekea nani? Na mshindani akishaziona, atampa mkopo wa kukuza duka linalomnyang'anya wateja? Ni sawa na kwenda uwanja wa Kirumba kutazama mechi, ukakuta mwamuzi amevaa jezi ya timu moja chini ya fulana yake.

Wamarekani wana kanuni ya siku nyingi ya kutenganisha biashara ya bidhaa na biashara ya amana. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa chuki ya matajiri. Iliwekwa kwa sababu mkopo ukishikwa na mtu anayeshindana na mkopaji, soko zima linapinda upande mmoja.

Je, Walmart iliacha huduma za fedha? Hapana. Iliendelea kubadilishia watu hundi, kutuma fedha na kuuza kadi za malipo, kwa kushirikiana na mabenki yenye leseni. Mteja alipata huduma dukani, na amana ikakaa mahali palipo na msimamizi. Hapo ndipo mimi ninaposimama, na nitaparudia.

Sasa twende Uingereza, ambako walikubaliwa. Tesco na Sainsbury's, maduka makubwa ya vyakula, waliingia kwenye benki mwaka 1997, kila mmoja akishikana na benki kongwe. Mwaka 2008 Tesco ikanunua hisa za mwenzake, Royal Bank of Scotland, ikabaki mmiliki peke yake. Wakakopesha, wakapokea amana, wakatoa mikopo ya nyumba. Ilionekana kama wamefaulu.

Ndipo Novemba 2016 wezi wa mtandaoni wakaingia kwenye akaunti za Tesco Bank, wakachota paundi milioni 2.26 ndani ya saa 48. Msimamizi wa huduma za fedha wa Uingereza akaitoza benki hiyo faini ya paundi milioni 16.4 mwaka 2018, akisema udhaifu uliowaingiza wezi ulikuwa wa kuonekana na ulizuilika. Mwaka 2019 Tesco ikauza mikopo yake ya nyumba. Mwaka 2024 ikauza sehemu kubwa ya benki kwa Barclays kwa takriban paundi milioni 600. Mwaka huo huo Sainsbury's ikakubaliana na NatWest iichukue benki yake. Na hapo, ndugu zangu, kuna jambo la kutazamwa: Sainsbury's ndiyo iliyokubali kulipa, paundi milioni 125, ili ipokelewe mzigo huo.

Kwa nini mtu alipe ili achukuliwe benki? Kwa sababu benki inakula mtaji. Mkopo wa shilingi ukitoka, sheria inataka fungu la fedha ya mwenyewe likae pembeni kufidia hasara. Fedha hiyo haiwezi kununulia mchele. Mwenye duka amezoea mzigo unaotoka ndani ya wiki. Mkopo wa nyumba unakaa miaka 25. Ni kazi mbili zenye mapigo tofauti, na wenye maduka wengi wamegundua hivyo baada ya kulipa gharama kubwa. Hata Walmart, iliyofungua benki Mexico mwaka 2007, baada ya miaka michache iliiuza.

Naona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa, kama anayesema, basi imekwisha, haiwezekani. La hasha. Inawezekana. Hapo hapo Mexico lipo kampuni la Elektra, linalouza friji, televisheni na pikipiki kwa malipo ya kidogo kidogo kila wiki. Mwaka 2002 lilipata leseni, likafungua Banco Azteca ndani ya maduka yake. Waliowakopesha ni watu ambao benki hazikuwataka: mfua nguo, fundi baiskeli, mwuza vitafunio. Watafiti wa uchumi waliofuatilia walikuta kwamba pale matawi yale yalipofunguliwa, biashara ndogo zisizo rasmi ziliongezeka na vipato vya watu vikapanda. Riba yao ilikuwa kali, na wakusanya madeni walikuwa wakizunguka kwa pikipiki mtaa kwa mtaa. Lakini mkopo ulifika mahali usipokuwa umewahi kufika. Tusilifiche hilo.

Na Japani, wenye maduka ya 7-Eleven walianzisha benki mwaka 2001 kwa njia ya werevu. Hawakukimbilia kukopesha. Waliweka mashine za kutolea fedha madukani, sasa ni zaidi ya 20,000, na kipato chao kikubwa ni ada inayolipwa na benki nyingine pale wateja wa benki hizo wanapotumia mashine hizo. Kazi yao inafanana sana na ya kijana wa floti, wakala wa fedha za simu, aliyekaa pale nyuma. Anatoa na kuweka, anachukua kamisheni, na fedha za watu hazikai kwenye droo yake.

Nimefika kwenye neno la droo, na hapa naomba tutulie.

Duka kubwa linaendeshwaje? Linauza leo kwa taslimu. Aliyeleta mzigo analipwa baada ya siku 30, 60, wengine 90. Katikati hapo mwenye duka anazo fedha ambazo si zake, na kwa fedha hizo anafungua tawi jingine. Biashara ikienda vizuri, kila mtu analipwa, wote wanafurahi. Biashara ikiyumba?

Mnaikumbuka Nakumatt, ile kampuni ya maduka makubwa. Ilitoka Kenya, ikaenea Afrika Mashariki, ikaja Moshi, na mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Tulidhani haiwezi kuanguka. Kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu, wafanyakazi wanadai mishahara, walioleta maziwa, unga na mboga wanadai mabilioni ya shilingi za Kenya. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Msambazaji mdogo aliyepeleka mzigo kwa mkopo alisimama foleni nyuma ya mabenki.

Sasa niulize, na kila mmoja ajijibu moyoni. Kama Nakumatt ingekuwa na leseni ya kupokea akiba, na mama aliyeuza maziwa pale angeweka pale pale fedha za ada ya mtoto, mwaka ule angepoteza mara ngapi? Angepoteza mzigo. Angepoteza akiba. Na kama angekuwa ameajiri ndugu yake humo, angepoteza na mshahara wa nyumba. Yote kwa siku moja, kwa sababu yote yalikuwa chini ya paa moja.

Mtasema, mbona hata benki hufa? Zinakufa. Ng'ambo ya ziwa letu, Bukoba, tulikuwa na Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Januari 2018 Benki Kuu iliifunga, pamoja na benki nyingine nne, kwa kukosa mtaji wa kutosha. Iliuma. Lakini angalieni tofauti: palikuwa na mlango wa kugonga. Ipo Bodi ya Bima ya Amana. Wakati ule kinga ilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana; sasa imepandishwa hadi 7,500,000. Mwenye akiba ndogo alikuwa na pa kuanzia.

Je, salio lililo kwenye kadi ya duka lina bima hiyo? Halina. Zile pointi ulizokusanya kwa mwaka mzima? Hazina. Fedha uliyomwachia mwenye duka la jumla "anitunzie, nitachukua mzigo Jumatatu"? Haina. Sheria yetu ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inakataza mtu kupokea amana za umma bila leseni ya Benki Kuu, lakini desturi yetu ya kutunziana inapita kimya kimya chini ya sheria hiyo. Mama zangu, najua mnafanya. Nawasihi, anayewatunzia mzigo asiwe pia anayewatunzia akiba.

Fedha za simu tulizitengenezea utaratibu mzuri, na tuudai kwa maduka vile vile. Fedha iliyo kwenye simu yako haimilikiwi na kampuni ya simu. Inatakiwa ikae kwenye akaunti ya udhamini ndani ya benki, na tuna Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inayoisimamia. Kampuni haiwezi kuichukua ikajengea mnara. Kwa nini duka kubwa linalotaka kutunza fedha zako lisibanwe hivyo hivyo?

Sasa nataka kusema jambo linaloniuma zaidi, na wavuvi mtanivumilia.

Nendeni mwalo wowote: Igombe, Kayenze, Kome, Ukerewe. Kijana anataka kuvua sangara. Anahitaji mtumbwi, nyavu, injini, mafuta, barafu. Hana hata kimoja. Benki haikubali nyavu kuwa dhamana, nyavu huibwa usiku. Anatokea tajiri. Anampa vyote, kwa sharti moja: sangara wako wote unaniuzia mimi.

Bei ya kilo anapanga nani? Tajiri. Mzani ni wa nani? Wa tajiri. Mafuta anauza nani? Tajiri. Daftari anashika nani? Tajiri. Deni linaisha lini? Tajiri akisema limeisha. Kuna kijana ninayemfahamu, aliniletea karatasi yake nimsomee. Upande mmoja ziliandikwa lita za mafuta kwa kalamu ya bluu, upande mwingine kilo za samaki kwa kalamu nyekundu. Bei ya kilo haikuandikwa popote. Popote! Nikamuuliza, na bondo, kile kibofu cha hewa cha samaki, je? Maana kilo ya bondo ina thamani kuliko kilo ya minofu. Akaniambia, bondo linabaki ndani ya samaki, tunapima pamoja. Jirani yake aliyekuwa huru aliuza kwa mnunuzi mwingine kwa bei nzuri zaidi, asubuhi ile ile, ufukwe ule ule. Yeye alitazama tu.

Sisemi tajiri ni mtu mbaya. Bila tajiri mitumbwi mingi isingeingia majini. Nasema mtu mmoja akishika mkopo, mzani na bei, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani, anayekopa hana pa kusemea.

Wazee wetu wa Usukuma waliijua hali hii kwenye pamba. Mnunuzi wa pamba mara nyingi ndiye aliyekuwa na duka, na duka ndilo lililokuwa na mzani. Mkulima alitoka pale na khanga na chumvi, hajui pamba yake ilikuwa na uzito gani. Na hapa Mwanza alikuwepo kijana, Paul Bomani. Kabla hajawa mtu wa pamba, alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, mwishoni mwa miaka ya 1940. Wafanyabiashara wa rejareja! Watu kama ninyi. Kutoka hapo akawaunganisha wakulima, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa barani Afrika. Mwaka 1962 yule katibu wa wenye maduka akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru.

Najua ushirika ulikuja kuharibika. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na serikali, vikarudishwa baadaye vikiwa dhaifu, na wapo hapa waliodhulumiwa pamba yao na chama chao wenyewe. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini jambo moja walilolipata wazee wale halijachakaa: walihakikisha mzani hauwi mali ya mnunuzi peke yake.

Leo mzani ni simu. Anakuja kijana nadhifu dukani kwako, ana programu kwenye simu. "Agiza hapa, mzigo unakufuata, chukua leo, lipa baada ya siku saba." Vizuri, hukupoteza nauli ya kwenda mjini. Lakini kila ulichoagiza kimeandikwa kwao. Wanajua sukari inatoka sana Buhongwa na kwa kasi gani. Wakiamua kufungua tawi Buhongwa, nani amewachorea ramani? Umewachorea wewe. Na siku ukipata sukari ya bei nafuu kwa mwingine, utaichukuaje, ikiwa deni lako liko kwao na kikomo chako cha mkopo kinashuka usipoagiza?

Na wateja wetu, hali ndiyo hiyo hiyo. Simu ya mkopo inajifunga yenyewe usipolipa, na ndani ya simu hiyo ndimo iliyomo lipa namba yako ya biashara. Mikopo ya mtandaoni, hii tunayoiita kausha damu, imewaaibisha watu mbele ya wakwe zao kwa ujumbe uliotumwa kwa kila jina lililokuwa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018; kila anayekopesha anatakiwa awe kwenye daraja lake na awe na kibali. Anayekuja kwako, mwulize kibali. Asipokuwa nacho, mazungumzo yameisha.

Tuwakatae hawa wakubwa? Hapana. Nasema hivyo kwa moyo mweupe. Mtu wa Ukerewe asipande meli kwa ajili ya kuweka shilingi 20,000. Kama duka lililo karibu naye linaweza kumpa huduma hiyo kwa heshima, limpe. Ninachokataa ni kufungwa. Duka liwe dirisha la benki, lisiwe benki yenyewe. Kampuni ya mikopo iwe na hesabu zake, mbali na hesabu za sukari. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, herufi za kusomeka, na bei ya mkopo iandikwe kwa shilingi: umechukua 300,000, utarudisha kiasi gani, tarehe gani. Na wakala asikatazwe kuweka huduma za wengine kwenye kibanda chake.

Na moja la mwisho ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Kumbukumbu ya ulipaji wako ni mali yako. Umelipa miaka mitatu bila kuchelewa, kwa nini ushahidi huo ubaki kwa mkopeshaji mmoja? Unapaswa kuuchukua ukaenda nao SACCOS, ukaenda nao benki, ukaambiwa: huyu tunamjua. Ukiweza kuondoka na kumbukumbu yako, mkopeshaji atakubembeleza. Usipoweza, atakupangia. Hili ndilo ningependa chama chetu kilipeleke kwa maandishi kwenye tawi la Benki Kuu hapa Mwanza, likiwa na sahihi za wenye maduka na mawakala wote waliomo humu.

Wakati tukisubiri majibu, tuanze wenyewe. Wahenga wametuambia mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la upande mmoja halitoshi. Kila mzigo wa mkopo unaochukua, andika nakala yako siku hiyo hiyo: bidhaa, bei, tarehe, jina la aliyekuletea, na upige picha kurasa zote mbili, wako na wake. Na wewe unayemwandikia Mama nyumba ya bluu, mpe na yeye karatasi yake. Tusidai kwa wakubwa tusichowapa wadogo.

Mikataba mitatu ya uwakala na miwili ya mzigo wa mkopo, niliyoletewa na wenzetu bila majina yao, nimeiacha kwa katibu. Nimepigia mstari vifungu vya kuulizia. Jumamosi saa nane mchana tutaisoma hapa hapa, kifungu kwa kifungu, na aliye na mkataba wake aje nao kabla hajatia sahihi. Waliokwisha kutia sahihi waje pia, kwa sababu miwili kati ya mikataba hiyo ina kipengele cha kujitoa kwa notisi ya siku 30 na wengi hawakukiona. Kiko ukurasa wa mwisho, chini ya anuani.

Mwenyekiti, nimemaliza. Mama pale kwenye nguzo alinyoosha mkono tangu nilipotaja bondo. Naomba aanze yeye.